Kilichomo majini kabla taa haijawashwa

Kila anayeingia kwenye maabara ya aina yetu hutazama taa kwanza. Ni taa ya zenoni ya wati 300, mwanga wake huwezi kuukodolea macho bila miwani ya kinga, na mbele yake kuna chupa ya kioo yenye unga unaozunguka ndani ya maji. Nami nilikuja kwa ajili ya hiyo taa. Nilitaka kuona jinsi mwanga unavyoirusha elektroni ndani ya semikondakta, ikaacha tundu nyuma yake, na jinsi elektroni hiyo inavyoweza kuibadilisha kabonidayoksaidi ikawa kitu cha kuwashia moto. Mtafiti mkongwe aliyenipokea, ambaye sote tulimwita Mwalimu, hakuniruhusu kuigusa. Alinipa mtungi wa gesi, chupa ya maji safi na kipimo cha pH, ile namba inayoshuka kadiri maji yanavyozidi kuwa na asidi.

"Pitisha gesi, andika unachokiona."

"Na mwanga, Mwalimu?"

"Kwanza niambie maji yako yana nini."

Nilichokiona ni namba ikishuka. Maji yaliyokaa wazi huwa yameshaionja hewa, na husoma karibu 5.6. Ukipitisha kabonidayoksaidi tupu kwa kanieneo ya kawaida, namba huporomoka mwanzoni, kisha husita, hadi inapotulia kwenye 3.9 hivi. Hapo hata ukiacha mapovu yapite usiku kucha haisogei, maana maji yameshashiba. Na shibe yenyewe ni ndogo: kwa nyuzi 25 za Selsiasi lita moja inabeba takriban milimoli 34, yaani gramu moja na nusu tu.

Kilichonichukua muda kukimeza ni kwamba gesi hiyo, ikishaingia majini, karibu yote inabaki kuwa gesi iliyoyeyuka. Shuleni tulikariri kwamba kabonidayoksaidi na maji hutengeneza asidi kaboniki, basi mtu anatoka darasani akidhani chupa nzima imejaa asidi. Kumbe katika kila molekuli 600 hivi zilizoyeyuka, ni moja tu iliyoungana na maji ikawa asidi yenyewe. Na muungano huo ni wa kujivuta: bila msaada, nusu ya kazi huchukua karibu sekunde 20. Ndiyo maana miili ya viumbe ina kimeng'enya maalumu, anhidrasi ya kaboniki, ambacho molekuli yake moja inaweza kugeuza hadi takriban molekuli milioni moja kwa sekunde. Sisi kwenye chupa yetu hatuna kimeng'enya. Tunasubiri.

Mtu wa mwanga anaweza kuuliza, yanamhusu nini hayo? Yanamhusu kwa sababu elektroni haigawi kwa usawa. Ndani ya chupa kuna gesi iliyoyeyuka, kuna asidi kidogo, kuna baikabonati, yaani asidi hiyo ikiwa imepoteza protoni moja, na pH ikipanda sana kuna kabonati, iliyopoteza mbili. Katika mifumo mingi iliyochunguzwa kwa makini, anayepokea elektroni ni ile gesi iliyoyeyuka. Baikabonati ina chaji hasi tayari, na kaboni yake imezungukwa na oksijeni tatu. Haina haraka ya kupokea chaji nyingine. Kazi yake kubwa ni kuwa ghala. Gesi inapotumika karibu na uso wa kichocheo, yaani ule unga wa semikondakta, baikabonati hujigeuza ikarudi kuwa gesi na kujaza pengo.

Kwa hiyo tulikuwa tunatumia baikabonati ya potasiamu, moli 0.1 kwa lita. Peke yake husoma pH ya 8.3 hivi. Ikishibishwa gesi inashuka hadi 6.8. Hapo kuna kitu ambacho wengi hukipita bila kukiona. Maadamu mapovu yanaendelea, kiasi cha gesi iliyoyeyuka kinatawaliwa na kanieneo iliyo juu ya maji, si na pH. Ukiongeza alkali, kinachoongezeka ni baikabonati, gesi inabaki palepale. Lakini ukishafunga chupa mambo yanageuka: alkali sasa inaila gesi iliyobaki ndani na hakuna kinachoingia kufidia. Chupa mbili zenye maji yaleyale na unga uleule, moja wazi kwa mapovu na nyingine imefungwa, ni mimenyuko miwili tofauti. Nimesoma ripoti nyingi zinazozilinganisha hivihivi bila kusema lolote.

Baada ya hayo ndipo nikaruhusiwa kuwasha taa.

Habari ya mwanga na maji ilianza kuvuma mwaka 1972, Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walipoonyesha kwamba elektrodi ya dayoksaidi ya titani ikimulikwa inaweza kuyapasua maji. Mwaka 1979 Honda na Fujishima, wakiwa na Tooru Inoue na Satoshi Konishi, walitia unga wa semikondakta mbalimbali ndani ya maji yenye kabonidayoksaidi, wakamulika, wakapata asidi fomiki, fomaldehaidi, methanoli na methani kidogo. Karibu kila tunachofanya leo ni mtoto au mjukuu wa jaribio hilo.

Ugumu wake hauonekani ukitazama orodha ya mazao tu. Molekuli ya kabonidayoksaidi imenyooka, oksijeni, kaboni, oksijeni kwenye mstari mmoja. Ukiibebesha elektroni moja peke yake inalazimika kujipinda hadi karibu digrii 135, na bei ya kujipinda huko ni volti −1.9 hivi ikilinganishwa na elektrodi ya hidrojeni. Dayoksaidi ya titani, unga mweupe uleule wa kwenye rangi za ukuta, inatoa elektroni zake kwenye volti −0.5 hivi katika pH 7. Haifiki hata nusu ya njia. Ukiona imefanikiwa, jua haikupita njia hiyo. Ilipitisha elektroni pamoja na protoni, hatua kwa hatua, gesi ikiwa imeshikwa juu ya uso wa kichocheo, na kila protoni inayoingia inapunguza bei.

Katika pH 7, kaboni monoksaidi inadai volti −0.53 na elektroni mbili. Asidi fomiki inadai −0.61, mbili vilevile. Methanoli −0.38, lakini elektroni sita. Methani ndiyo rahisi kwa volti, −0.24 tu, ila inataka elektroni nane na protoni nane zifike mahali pamoja kabla molekuli haijaondoka usoni. Na katikati ya orodha hiyo anakaa mwizi: hidrojeni, −0.41, elektroni mbili, na malighafi yake ni maji yenyewe, ambayo kila lita ina moli 55 ukilinganisha na milimoli 34 za gesi yetu. Protoni unazozihitaji kuisaidia kabonidayoksaidi ndizo hizohizo zinazokuibia elektroni. Ukishusha pH umemkaribisha mwizi. Ukiipandisha ndani ya chupa iliyofungwa umeifanya gesi ikimbilie kwenye baikabonati. Miezi mingi ya kazi yangu imepita katika upenyo mwembamba kati ya mambo hayo mawili, na sijutii, ingawa haikuwa kazi ya kupiga picha nzuri.

Wapo walioamua kuyakwepa maji. Mwaka 1983 Jean-Marie Lehn na wenzake huko Ufaransa walitumia molekuli ya renio kugeuza kabonidayoksaidi kuwa kaboni monoksaidi kwa mwanga, wakiwa ndani ya kiyeyushi cha kikaboni. Sababu moja ya watu kupenda viyeyushi hivyo iko wazi: asetonitrili, kwa mfano, inabeba takriban milimoli 280 za gesi kwa lita, mara nane ya maji, na haina protoni za kumwaga ovyo. Matokeo yake ni mazuri mno kuyatazama. Ila kuna kitu cha tatu ndani ya chupa zile, mara nyingi trietanolamini, kinachotoa elektroni na kuharibika chenyewe. Kinachoungua hapo ni dawa ya bei kubwa kuliko kinachozalishwa. Kwa kuchunguza jinsi kichocheo kinavyofanya kazi, sawa kabisa. Ukiniambia huo ni usanisinuru, nitakuomba unionyeshe oksijeni.

Nitairudia oksijeni. Kwanza joto, kwa sababu ni dogo na limewasumbua wengi. Taa ile haitoi mwanga wa kazi tu. Ukiielekeza kwenye chupa isiyopozwa, maji yanaweza kufika nyuzi 50 kabla hujamaliza kuandika maelezo ya jaribio, na kwa joto hilo maji yanabeba zaidi kidogo ya nusu tu ya gesi yaliyoibeba kwa nyuzi 25. Gesi hutoka kimyakimya na kupanda juu ya maji, kama soda iliyoachwa juani. Wakati huohuo joto linaharakisha kila kitu kingine, hidrojeni ikiwemo. Tulikuwa na chupa yenye kuta mbili, maji ya baridi yakizunguka katikati, na kipimajoto ndani ya mmumunyo wenyewe. Kipimajoto kilichobandikwa nje ya kioo kinakueleza habari za kioo.

Kisha kuna lile jaribio ambalo kila maabara husema inalifanya: badala ya kabonidayoksaidi unapitisha agoni, gesi isiyo na kaboni, unawasha taa, na unategemea usipate kitu.

Tulipata kitu. Sampuli ya gesi, ikavutwa kwa sirinji kupitia kizibo cha mpira, ikaingizwa kwenye kromatografu, mashine inayotenganisha gesi kwa muda wa kutoka, na kwenye dakika ileile ya kaboni monoksaidi kikainuka kilele. Kidogo, lakini kilele. Mwenzangu mmoja alikaa mbele ya skrini akitikisa kichwa. Mwalimu alicheka tu: "Njia ya mwongo ni fupi. Sasa tafuteni kaboni inatoka wapi."

Ilikuwa na asili nyingi. Unga wa kichocheo hutengenezwa kwa viyeyushi vya kikaboni, na mabaki yake hujificha usoni hata baada ya kuoshwa. Kizibo cha mpira kikipigwa na mwanga wa urujuanimno hutoa vitu vyake. Grisi ya kwenye maungio ya kioo nayo haikosi mchango. Halafu katika mmumunyo wa baikabonati agoni haiondoi kabonidayoksaidi yote, kwa sababu ghala linaendelea kutoa gesi, na kadiri gesi inavyofukuzwa pH inapanda kutoka 6.8 kuelekea 8.3 na zaidi. Hivyo hata anayepata sifuri kwa agoni amebadilisha mambo mawili kwa mpigo, gesi na pH, na hawezi kusema ni lipi lililozima mmenyuko. Tulianza kufanya jaribio la agoni ndani ya chumvi isiyo na kaboni, fosfati, tukiweka pH ya 6.8 kwa makusudi.

Unga wenyewe tuliumulika kwanza peke yake ndani ya maji, bila kabonidayoksaidi, mpaka kilele kikafifia, ndipo tukaanza kuhesabu. Hatukuwa wa kwanza kukutana na janga hili. Mwaka 2010 kundi la Uholanzi, Guido Mul akiwemo, lilitumia kaboni-13 kwenye dayoksaidi ya titani yenye shaba na kuonyesha kwamba mabaki ya kaboni usoni yanashiriki kutoa kaboni monoksaidi ambayo mtu angedhani imetoka kwenye gesi.

Kaboni-13 ndiyo shahidi tunayemtegemea, lakini naye anahitaji kuhojiwa. Wazo ni jepesi: lisha chupa kabonidayoksaidi ambayo kaboni yake ina uzito wa 13 badala ya 12, kisha tazama kama kaboni monoksaidi inayotoka ina 29 badala ya 28. Sasa tazama mitego. Naitrojeni ya hewani ina 28, sawasawa na kaboni monoksaidi ya kawaida. Kabonidayoksaidi yenyewe ikiingia kwenye spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, huvunjika na kutoa vipande vya kaboni monoksaidi. Ukilisha kaboni-13, utaona 29 hata kama taa haikuwashwa kabisa. Methani ya kaboni-13 ina 17, na maji yakivunjika ndani ya mashine hutoa kipande cha 17 vilevile. Dawa ni kutenganisha gesi kwenye safu ya kromatografia kwanza, ili 29 unayoiona iwe imefika kwa wakati wa kaboni monoksaidi na si wakati wa kabonidayoksaidi. Mchoro wa masi usioonyesha muda wa kutoka kwenye safu haunishawishi, hata uwe umechorwa kwa rangi za kupendeza kiasi gani.

Mwenzetu mmoja alikuja na wazo la kutumia oksijeni-18 ndani ya kabonidayoksaidi, ili tufuate oksijeni yake inakoenda. Ni wazo zuri kwenye karatasi. Majini linavunjwa na ule muungano wa kujivuta nilioutaja mwanzoni: molekuli inaungana na maji, inaachana, inaungana tena, na kila mara inaweza kuondoka na oksijeni ya maji na kuacha yake. Baada ya muda mfupi alama imetawanyika ndani ya maji yote, ambayo ni mengi mno. Tukageuza: tukatia alama maji yenyewe na kuitazama oksijeni inayotoka.

Sasa oksijeni. Elektroni inayoingia kwenye kabonidayoksaidi lazima itoke mahali, na kama unadai imetoka kwenye maji, basi maji yaliyonyang'anywa elektroni nne yametoa molekuli moja ya oksijeni. Ni hesabu ya mtoto. Jumlisha elektroni zilizoingia kwenye kaboni monoksaidi, hidrojeni, fomati (asidi fomiki iliyopoteza protoni) na chochote ulichopata, gawanya kwa nne, linganisha na oksijeni. Kwa mazao yanayotumia elektroni mbili, moli za mazao zinatakiwa ziwe mara mbili ya moli za oksijeni. Hesabu hii ndiyo inayowaangusha wengi, na ndiyo wengi huiacha. Oksijeni ina visingizio vyake vya kweli: inashikamana na uso wa dayoksaidi ya titani, inakula elektroni kabla gesi yetu haijazipata, na hewa ikivuja inaleta oksijeni ya uongo. Kwa hewa inayovuja tulikuwa tunatazama kilele cha naitrojeni. Hewa haiji na oksijeni peke yake, kwa hiyo naitrojeni inakuambia utoe kiasi gani.

Inawezekana kuifikia hesabu hiyo. Mwaka 2011 Akihiko Kudo na wenzake huko Japani walitia chembe za metali ya fedha kwenye oksidi ya bari, lanthani na titani, wakapitisha kabonidayoksaidi ndani ya maji bila kitu kingine cha kutoa elektroni. Kaboni monoksaidi ilitoka nyingi kuliko hidrojeni, na oksijeni ikalingana na hesabu. Fedha ni mzembe wa kutengeneza hidrojeni, na hapo uzembe ni sifa. Kasoro yake ni kwamba oksidi ile inataka urujuanimno, na urujuanimno katika mwanga wa jua ni asilimia 4 au 5 tu. Dayoksaidi ya titani inaanza kazi chini ya nanomita 387. Oksidi ile inadai mwanga wenye nguvu zaidi ya huo.

Tulifuata njia ya fedha kwa muda mrefu, na ndipo nilipokutana na swali lililonirudisha kwenye maji. Mchoro wa kaboni monoksaidi ulikuwa unapanda vizuri saa za mwanzo, kisha unapinda na kulala. Wageni wote husema gesi imeisha. Haijaisha. Mililita 50 za maji yaliyoshiba zina milimoli 1.7 za kabonidayoksaidi, bila kuhesabu iliyo juu ya maji. Sisi tulikuwa tunazungumzia mikromoli chache za mazao. Hata asilimia moja ya gesi haijaguswa. Kuongeza kanieneo kulisaidia, ndiyo, lakini kwa sababu nyingine: molekuli nyingi zaidi zikisukumana kupata nafasi usoni, hidrojeni inapata nafasi chache.

Kilichoulaza mchoro ni mazao yenyewe. Oksijeni ikikusanyika inanyakua elektroni. Fomati ni chakula kitamu kuliko maji kwa yale matundu yaliyoachwa na elektroni, kwa hiyo inarudishwa kuwa kabonidayoksaidi karibu kwa kasi ileile inayotengenezwa, na kiasi chake kinasimama hapo. Kipimo chake ni rahisi. Zima taa, fukuza gesi zote, shibisha upya kwa kabonidayoksaidi, pima pH kuhakikisha imerudi 6.8, washa. Mwinuko wa mwanzo wa mchoro ukirudi kama ulivyokuwa, kichocheo ni kizima na tatizo ni yaliyorundikana. Usiporudi, kichocheo kimechoka. Wetu ulirudi sehemu kubwa, si wote. Tulipoutazama unga kwa hadubini ya elektroni, chembe za fedha zilikuwa zimekusanyana zikawa kubwa kuliko tulivyoziweka, na kazi iliyofuata ikawa ni kutafuta namna ya kuzifunga zisitembee.